Langilangi Ndani ya Eda

Lori lilifunga breki mbele ya nyumba, breki zile za upepo, pshhhh, na Muzdalifa akaangusha ungo. Mchele ukatapakaa sakafuni. Hakuutazama. Alikuwa ameshashika ukuta kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono wa pili, mdomo wazi, pumzi inaingia nusu na kutoka nusu, vidole vimekufa ganzi, moyo unampiga mpaka masikioni. Alijua anakufa. Jana pia alijua anakufa, na juzi, lakini ya jana hayamsaidii mtu leo.

"Mama, ni lori tu," alisema Salama, bintiye wa miaka mitano, akimvuta upindo wa nguo. "Limeshaondoka. Mama, tazama, limeshaondoka."

Jamani, mtoto mdogo vile anambembeleza mamaye! Na dereva wa watu hakuwa na kosa. Nyumba ndiyo iliyokaa pabaya. Imeipa uso barabara kuu ya kwenda kusini, hapo Kibiti ambapo malori ya saruji hupunguza mwendo ili madereva wanunue korosho, na hapo hapo mbele ya mlango ndipo Amri, mume wa Muzdalifa, alipogongwa akivuka na mkate wa mtoto mkononi. Sasa mtu mwingine angehama. Mjane hahami. Miezi minne na siku kumi akae eda ndani ya nyumba ya marehemu, avae nyeupe, aoge kwa sabuni ya mche, asitie wanja wala manukato ya aina yoyote, asitoke mlango wa mbele. Muzdalifa hata nusu alikuwa hajafika. Alikuwa amefungiwa na sauti ile ile iliyomuua mumewe.

"Umemwaga mchele tena?" Bi Sijaona, mama mkwe wake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani.

"Umeniponyoka, mama."

"Kila siku kitu kinakuponyoka. Juzi sufuria, jana kikombe." Bi Sijaona alichukua ugoro kwa ncha za vidole, akauvuta puani, akapiga chafya. Pua ile ilikuwa imeshachoka, haitofautishi tena samaki na waridi. "Na mimi nimezika, Muzdalifa. Yule aliyezikwa nilimbeba mimi tumboni. Mbona mimi sianguki?"

Muzdalifa alipiga magoti, akaanza kuokota mchele punje kwa punje.

*

Salama ndiye aliyekwenda kumwita nesi. Hakutumwa na mtu. Siku ile bibi yake alikuwa ameenda sokoni, mama yake ameanguka nyuma ya kitanda anahema kama aliyekimbizwa, na mtoto akatoka mbio mpaka nyumba ya pili, akapiga mlango kwa viganja vyote viwili.

Nesi Winifrida alikuja na kanga kiunoni na kipimo cha presha mkononi. Alikuwa mtu wa Bukoba, amehamishiwa zahanati ya hapo mwaka uliopita pamoja na mumewe, mwalimu Gaudens. Mwanamke mwema, mwenye maneno mengi, asiyejua kupita mtu anaumwa bila kumgusa. Alimkalisha Muzdalifa, akampima, akamsikiliza kifua, akamshika mikono.

"Moyo wako mzima kabisa, mama Salama."

"Sasa mbona nakufa?"

"Hufi. Mwili wako umeshikwa na hofu, na hofu hiyo haina pa kwenda. Ikisikia lori inaamka. Vuta pumzi na mimi. Polepole. Sasa toa, polepole zaidi, kama unapuliza uji." Walivuta, wakatoa. "Hivyo hivyo. Ungekuwa unatoka ningekupeleka kwa daktari wa mambo haya. Utatoka lini?"

"Mpaka eda iishe."

"Basi nitakupa kitu cha kukushikilia. Nina mafuta, nilipata kwenye semina Unguja. Si ya kunywa, wala usijipake. Tone moja kwenye kitambaa, unasogeza karibu na pua, unavuta pumzi kama tulivyofanya. Hayafufui mtu, sikudanganyi. Lakini yanatuliza. Mimi mwenyewe nilipohamishwa huku nilikuwa silali, nikayatumia."

Muzdalifa alimtazama. "Yananukia?"

"Yananukia! Utayapenda."

"Nesi, mimi niko eda."

"Eda si kukaa ndani?" alisema Winifrida kwa furaha, akifunga kipimo chake. "Basi utayatumia humo humo ndani."

Hapo Muzdalifa angeweza kusema. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini mtu aliyemaliza kuonja pumzi kamili kwa mara ya kwanza tangu mazishi, utamtaka aanze kumfundisha mgeni sheria za eda? Alisema ahsante.

*

Kesho yake Winifrida aliingia zamu alfajiri. Aliacha kichupa mezani na agizo kwa mumewe, na mwalimu Gaudens, mtu mpole asiye na hila hata kidogo, akapita nacho akienda shuleni. Kwa adabu zake hakutaka kubisha mlango wa mwanamke aliyefiwa. Akaenda dirishani. Masikini wa Mungu, angebisha mlangoni ingekuwa nafuu.

"Mama Salama, shikilia. Dada yako amesema usisahau kupumua," alisema, akakipitisha kichupa kwenye nondo za dirisha. Ng'ambo ya barabara Semeni, muuza vitumbua, aliacha kugeuza kitumbua kikaungua.

Muzdalifa alikwenda nacho chumbani, akafungua kifuniko, akakifunga upesi kana kwamba kimemuunguza. Langilangi! Katika manukato yote ya dunia, nesi yule amempa langilangi. Mwanamke gani wa pwani asiyeijua? Maua yake ndiyo aliyosukiwa nywele siku ya harusi. Mafuta yake ndiyo somo wake, kungwi wa harusi, aliyomtia nyuma ya masikio kabla ya Amri kuingia chumbani, na Amri aliposikia ile harufu alicheka, akasema amepotea njia ameingia peponi. Harufu ya kitanda ile. Alikaa chini, akalia mpaka kamasi zikamtoka, akakifungia kichupa kwenye kopo tupu la kahawa na kulisukuma uvunguni.

Alasiri lori lilipita na honi ndefu, na kifua kikamfunga. Alijaribu kuvuta na kutoa kama nesi alivyomfundisha, akashindwa. Ukuta ukaanza kumwendea. Salama alikuwa mlangoni ameshika kikombe chake, macho yamemtoka, kimya kabisa, hata hamwiti tena mama. Ule ukimya wa mtoto ndio uliomtisha kuliko kitu chochote. Muzdalifa alitambaa mpaka uvunguni. Tone moja kwenye ncha ya kitambaa. Akakisogeza, akavuta, akatoa.

Ya kwanza haikufika popote. Ya tatu ikafika. Pumzi ilishuka mpaka tumboni, mabega yakalegea, vidole vikarudi kuwa vyake. Alikaa pale sakafuni akiona haya na akiona raha, yote mawili kwa pamoja, na hakujua alilie lipi.

"Ni dawa, si marashi," alijiambia kwa sauti. "Sikujipaka. Mola ananiona."

Siku zikaenda. Mchele haukumwagika tena. Alianza kula. Usiku alilala mpaka adhana. Bi Sijaona, na pua yake ya ugoro, aliona tu kwamba mkwewe amepata nguvu, na hilo nalo lilimkera kidogo, maana yeye mwenyewe alikuwa hajapata.

*

Zena, dada yake Amri, alikuja Ijumaa kutoka Dimani kumsomea marehemu Yasini. Wifi huyu alikuwa na ulimi wa haraka na pua ya haraka zaidi. Alivua viatu, akapita sebuleni, akainua pazia la chumba cha mjane, akasimama.

"Mama," aliita bila kugeuka. "Humu ndani kuna bibi harusi?"

"Bibi harusi gani?"

"Njoo wewe unuse. Au usinuse, nitanusa mimi." Akamwendea Muzdalifa aliyekuwa ameketi juu ya mkeka. "Wifi, inamisha kichwa."

"Wifi, subiri nikueleze..."

"Nimesema inamisha kichwa."

Muzdalifa aliinamisha. Zena alimfungua mtandio mweupe, akamnusa nywele, akamnusa shingo, akamwinua mkono akamnusa kwapa, kama mnunuzi wa samaki sokoni asiyemwamini muuzaji. Mtoto anatazama! Hakupata kitu mwilini. Basi akageukia mto, godoro, sanduku, akatupa nguo za marehemu sakafuni, na mwisho akapiga magoti akaingiza mkono uvunguni. Kopo likatoka.

"Langilangi," alisema Zena, na sauti yake ikakatika. Hebu tumtendee haki: hakuwa anaigiza. Kaka yake ndiye aliyekuwa kaburini. "Langilangi, mama! Udongo wa Amri haujakauka, na huyu ananukiza chumba chake. Anamnukizia nani?"

"Ni dawa. Nesi amenipa. Ninashikwa na..."

"Nesi? Semeni ameniambia hapo nje, nikamkatalia, nikamwona mzushi. Ameniambia mwalimu Gaudens alikuwa kwenye dirisha hili asubuhi moja anakupa kitu, na wewe unapokea. Nikasema wifi yangu hawezi. Loo! Nimemtetea nani mimi?"

Bi Sijaona alikipokea kichupa, akakitazama kwenye mwanga. Hakukinusa; angenusa nini? Alimgeukia Muzdalifa.

"Mwanamume alikuja dirishani?" aliuliza.

"Alitumwa na mkewe, mama. Nakuapia."

"Alikuja au hakuja?"

"Alikuja."

Bi Sijaona alifunga kichupa kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo. "Mwiteni Ally," alisema.

Zena alikuwa ameshaanza kukusanya nguo za Salama. "Aliyevunja eda ya kaka yangu arudi kwao Nyamisati akapambwe huko. Mtoto ni damu yetu. Atakaa kwangu."

Muzdalifa alisikia maneno yote hayo. Alisikia pia kwamba mama mkwe wake hakuyapinga.

*

Ally, kaka mkubwa wa marehemu, alifika Jumapili alasiri kutoka Mahege, mikono bado ina madoa ya maji ya korosho. Kwa kuwa yeye ni shemeji na Muzdalifa yuko eda, pazia lilishushwa kati ya chumba na sebule. Wote walikaa upande ule, yeye peke yake upande huu juu ya mkeka. Alihukumiwa na vivuli. Alimjua Ally kwa kikohozi, Zena kwa bangili. Bi Sijaona hakumsikia kabisa. Kando ya mlango aliuona mfuko wa nguo za Salama umeshafungwa, na lile gauni la njano limechomoza juu.

"Shemeji," alisema Ally. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyechoka, anayeogopa maneno ya watu, na wa namna hiyo wakati mwingine ni wagumu kuliko wakali. "Sikuja kugombana. Mjini nimesimamishwa mara mbili na watu wanaoniuliza habari za mke wa Amri. Nataka nisikie kwako."

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa na papo hapo mtu akaingia. Alikuwa Winifrida, na sare zake za zahanati.

"Samahanini, nimesikia. Mimi ndiye niliyempa. Yale ni mafuta ya kutuliza mfadhaiko, tulifundishwa, wala hayana ubaya. Mume wangu nilimtuma mimi kwa sababu nilikuwa zamu. Kama kuna kosa ni langu."

"Nesi, karibu kiti," alisema Ally. "Unajua langilangi huku ni kitu gani?"

"Ni maua."

"Ni maua ya kitanda cha bibi harusi. Mjane hata sabuni ya kunukia haigusi. Wewe umempa langilangi."

Muzdalifa alimsikia Winifrida akisema, "Yesu wangu," taratibu sana, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Aliniambia yuko eda. Mimi nikafikiri eda ni kukaa ndani tu. Jamani, mimi sikujua."

"Wewe hukujua, na hatukulaumu," alisema Ally. "Mgeni hasomewi mashtaka kwa mila za watu." Kisha akageuza sauti kuelekea kwenye pazia. "Shemeji, nakuuliza neno moja tu. Ulipokifungua kichupa, harufu ile uliijua?"

Hapo ndipo penyewe. Muzdalifa aliliona jibu jepesi limesimama mbele yake: hapana, shemeji, nilidhani ni dawa ya mafua. Nani angemkatalia? Nesi angesaidia, Ally angeshusha pumzi, mfuko ungefunguliwa. Neno moja dogo na mtoto anabaki. Alifungua kinywa ili aliseme. Lakini Amri alikuwa amecheka usiku ule. Alikuwa amesema maneno yale ya peponi. Kusema haijui harufu ile ni kusema Amri hakuwahi kumjia.

"Niliijua," alisema.

"Ukaitumia?"

"Nikaitumia. Nilikuwa nakufa, shemeji, na mtoto ananitazama."

Bangili zikalia. "Mmesikia kwa masikio yenu!" alisema Zena. "Mimi sina la kuongeza. Salama, njoo, tunakwenda kwa shangazi."

"Sitaki."

"Njoo, mwanangu."

"Sitaki! Mama ataanguka! Nani atamwambia kwamba ni lori tu?"

Na kama lililoitwa, lori likaja. Lilikuwa limejaa, linatoka kusini, na kitu kiliruka barabarani, mbuzi au pikipiki, dereva akafunga breki zote kwa pamoja. Magurudumu yalilia mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Muzdalifa alitaka kusimama amfuate mwanawe. Miguu haikuwepo. Kifua kilifunga, macho yakaingia giza pembeni, akaanguka ubavu juu ya mkeka na sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuitambua.

"Anaanza mchezo wake," alisema Zena, lakini kwa sauti ya chini.

Pazia likafunguka. Bi Sijaona aliingia, akaketi chini kwa magoti yake mabovu, akamvuta mkwewe mapajani. Tangu siku ya msiba hakuwa amemgusa. Alimwekea kiganja kifuani, akakiacha pale, na Muzdalifa aliuona uso wa yule mzee ukibadilika. Mchezo hauendeshi moyo namna ile.

"Nesi!" aliita Bi Sijaona. "Nifanye nini?"

"Mvutishe pumzi, bibi! Polepole. Mwambie avute na wewe."

Bi Sijaona alivuta. Muzdalifa alijaribu, akakwama, akajaribu, akakwama. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya majivu. Yule mzee akatia mkono kwenye pindo la kanga, akafungua fundo kwa meno.

"Mama!" Ally alikuwa amesimama, amegeuza uso pembeni kwa adabu. "Mama, usimpe. Ni haramu kwake!"

"Kwake. Nani amesema nampa?" Alikuwa amekwisha kung'oa kifuniko. "Mimi sikufiwa na mume, Ally. Nimefiwa na mwana. Mke anapewa miezi minne ya kulia na watu wanamletea uji. Mama anapewa siku tatu. Siku tatu! Zangu zimekwisha zamani, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama zimenitosha."

Akakimimina kichupa chote kifuani mwake. Nesi alipiga kelele kwamba ni mengi, kwamba yataunguza ngozi, lakini yalikuwa yameshashuka shingoni, yameloweka kanga na blauzi. Nyumba nzima ikajaa langilangi. Bi Sijaona alimkumbatia Muzdalifa, akamlaza uso kwenye bega.

"Ni mimi ninayenukia, mwanangu," alimwambia sikioni. "Wewe umelala kwa mama yako tu. Vuta."

Akavuta. Ikakwama. Akavuta tena. Chini ya shavu lake kifua cha mzee kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka, nacho pia kilikuwa kinatetemeka, na pumzi ikapita.

*

Ally alikuwa wa kwanza kusema, muda baadaye, akiwa amelisogelea pazia. "Mama, hili itabidi nikamuulize maalim."

"Kamuulize. Usifiche. Mwambie mama yako mzazi amejitia langilangi na mkwewe akamlalia begani, akuambie ni kosa la nani. Likiwa langu nitalibeba." Alijiinua kwa kushika ukuta. "Zena, rudisha nguo za mtoto sandukuni."

"Mama, watu watasema nini?"

"Zirudishe moja moja, na zile za kaka yako ulizozitupa chini pia uzikunje."

Zena alikaa na mfuko mapajani, machozi yanamshuka, hakusema samahani, na haijulikani kama amewahi kuisema. Lakini alizirudisha. Winifrida alileta maji na kitambaa amfute mzee kifuani, akasukumwa.

"Niache hivi hivi. Nina pa kwenda."

Hakwenda mbali. Alitoka mlango wa mbele, akaketi kwenye baraza, upande wa barabara, jioni ile watu wanaporudi sokoni, na langilangi ikamzunguka mpaka ng'ambo. Wapitaji walisita hatua. Vijana wa bodaboda walitazamana. Mwanamke wa makamo yake, aliyezika mwana juzi juzi, ananukia kama anaingizwa chumbani! Muzdalifa alikuwa ameketi nyuma ya pazia la mlango huo huo, Salama amemlalia miguuni, na alisikia kila kitu.

Semeni hakuweza kujizuia. Aliacha karai lake, akavuka.

"Bi Sijaona, shikamoo. Kulikoni? Mbona unanukia..."

"Kama bibi harusi. Sema tu, usimeze maneno."

"Hapana, mimi nimeshangaa."

"Usishangae. Ile harufu mnayoizungumza ya nyumba hii, mwenyewe ndiye huyu hapa. Nisogelee unuse, ili usikosee tena. Na uliokwisha kuwaambia, kawapitie wote uwaambie na hili."

Semeni alicheka kicheko kisichokuwa na mwenyewe, akarudi kwenye vitumbua vyake. Hakuna aliyevuka tena.

Giza lilikuwa bado halijaingia Muzdalifa aliposikia kitu kingine. Mwanzo alidhani ni chafya ya ugoro. Halafu akaelewa. Bi Sijaona, ambaye hakulia wakati mwili unaoshwa, hakulia kaburini, hakulia hitma, alikuwa analia pale barazani mbele ya barabara, kwa sauti ndogo ya mtu asiyejua kulia kunafanywaje, anaita, "Amri, Amri, baba."

Muzdalifa aliinuka. Alifika kizingitini, na hapo akasimama, kwa kuwa mlango ule alikuwa haruhusiwi kuuvuka. Basi akaketi chini kwa upande wake, akapitisha mkono chini ya pazia, akapapasa saruji mpaka akaupata mkono wa mzee, uliolowa mafuta, akaushika.

"Vuta pumzi, mama," alisema. "Polepole. Mimi nipo."